Jalandhar: mji wa mafundi, si mji wa kusubiri fedha za ng'ambo

Jalandhar uko Punjab ya India, katika eneo la Doaba, kati ya mito ya Beas na Sutlej. Familia nyingi za Kalasinga wa Afrika Mashariki na wa Uingereza zina asili yao Doaba. Kwa hiyo mji huu unasemwa sana, na mengi yanayosemwa yamepotoka.

"Unaishi kwa fedha za waliohama"

Fedha hizo zipo, wala hazijifichi. Vijijini utaona majumba ya ghorofa ambayo wenyewe wako Uingereza au Kanada, na juu ya paa tangi la maji lenye umbo la ndege au mpira. Lakini mjini kwenyewe watu wako kazini. Hapa hutengenezwa spana, koleo, valvu za mabomba, bidhaa za ngozi, na zaidi ya yote vifaa vya michezo.

Mtazame mshonaji wa mipira. Amekaa chini, kibanio cha mbao kati ya magoti kimeshika vipande viwili. Anapitisha sindano mbili katika tundu moja, kila moja ikitokea upande wake, kisha anavuta kwa nguvu uzi uliopakwa nta. Mpira wa miguu wa mtindo uliozoeleka una vipande 32: 20 vya pembe sita na 12 vya pembe tano. Wengi hushonea nyumbani, wanawake wakiwemo, wakilipwa kwa kila mpira, na ujira wenyewe ni mdogo. Anayesema Jalandhar unakula jasho la wengine anawafuta watu hawa kabisa.

"Ufundi huo ni wa jadi hapo"

La. Kitovu cha ufundi wa vifaa vya michezo kilikuwa Sialkot, mji ambao leo uko Pakistan. Punjab ilipogawanywa mwaka 1947, mafundi na wafanyabiashara Wahindu wa Sialkot walikimbilia India, na wengi wakaanza upya Jalandhar. Waislamu wa Jalandhar nao walihamia Pakistan. Zia-ul-Haq, aliyekuja kuitawala nchi hiyo, alizaliwa Jalandhar mwaka 1924. Sialkot nayo haikufa: mipira ya Kombe la Dunia la 2014 ilitengenezwa huko. Hata mbao za magongo ya kriketi si za Jalandhar. Ni za mti wa wilo, kutoka Kashmir au Uingereza.

"Wapunjabi wa kwetu wote ni wajukuu wa makuli wa reli"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana tunalirudia hata mashuleni. Kati ya 1896 na 1901 reli ya Uganda iliajiri Wahindi wapatao 32,000, wengi wao kutoka Punjab. Waliobaki mikataba yao ilipokwisha hawakufika 7,000. Familia nyingi zilikuja baadaye kwa nauli zao wenyewe: maseremala, wahunzi, waashi, makarani.

Na hawakuja na nyundo tu. Pembeni mwa Jalandhar kuna kijiji cha Sansarpur, ambako ukoo wa Kular pekee umetoa wachezaji 14 wa mpira wa magongo waliofika Olimpiki. Baadhi yao waliichezea Kenya. Mwaka 1968, kule Mexico, vijana wa kijiji hicho walikuwamo katika timu ya India na ya Kenya pia. Miaka mitatu baadaye Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mchezo huo. Sehemu hiyo ya historia yetu ya michezo tumeiacha ipotee bure.

"Wote ni Kalasinga"

Wengi mjini ni Wahindu. Na biashara ya ngozi ya Bootan Mandi, mtaa wa Jalandhar, ilijengwa na Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa katika mfumo wa matabaka wa India, ambao kwa karne nyingi walibaguliwa kwa sababu ya kazi hiyo hiyo.

"Ukiondoka, umetajirika"

Katika gurudwara (hekalu la Kalasinga) la Talhan, karibu na mji, waumini wamekuwa wakileta ndege za plastiki wakiomba viza. Imani hiyo naiheshimu. Wanaonitia hasira ni mawakala wanaoifanyia biashara. Februari 2025 ndege ya jeshi la Marekani ilitua Amritsar ikiwa na Wahindi zaidi ya 100 waliofukuzwa, Wapunjabi miongoni mwao. Baadhi walieleza kwamba familia zao ziliuza mashamba au kukopa ili kuwalipa mawakala, na kwamba walisafirishwa wakiwa wamefungwa pingu.