Tunguu la hopsi si zawadi ya kutia mfukoni

Swali tunaloulizwa sana wakaguzi wa afya ya mimea kuhusu hopsi ni hili: kweli ni kosa kubeba kipande kimoja tu cha tunguu kutoka Uingereza au Marekani kuja Kenya? Ndiyo, ni kosa, kama hukupata kibali kabla. Idadi haibadilishi chochote.

Hopsi, ule mmea unaoipa bia uchungu wake, hupandwa kwa tunguu: shina linalotambaa chini ya udongo kama la tangawizi. Tunguu si mbegu kavu. Ni mmea ulio hai, na ugonjwa uliokuwa kwa mama unaweza kuwa kwake pia. Vimelea vya ubwiri vinyoya, ugonjwa wa majani na machipukizi, hujificha ndani ya macho ya tunguu, yaani sehemu zinakochipukia. Virusi na viroidi (vimelea vidogo kuliko virusi) vimo kwenye utomvu, na hakuna jicho la mtu linaloviona. Kwa hiyo maneno ya "nimeliosha vizuri" au "nimelichovya kwenye jiki" hayana uzito mbele ya mkaguzi. Maji hayafiki ulipo ugonjwa.

Utaratibu nchini Kenya ni huu. Mwagizaji huomba KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kibali cha kuingiza mimea kabla mzigo haujaondoka ulikotoka. Ombi hutaja jina la kisayansi, ambalo ni Humulus lupulus, nchi ya asili, kiasi, na kwamba ni kwa ajili ya kupanda. Hili la mwisho wengi huliruka, kumbe ndilo linaloamua masharti, kwa sababu koni, yaani maua ya hopsi, zilizokaushwa za kupikia bia na tunguu la kupanda ni vitu viwili tofauti. Ikiwa hatari za mmea huo kutoka nchi hiyo hazijachambuliwa, uchambuzi hufanywa kwanza, nao huchukua muda. Kibali kikitoka, unamtumia muuzaji, naye anakipeleka kwa mamlaka ya mimea ya nchi yake, ambayo hukagua na kutoa cheti cha afya ya mimea chenye maelezo yote yaliyodaiwa kwenye kibali. Risiti ya duka si cheti. Karatasi ya muuzaji iliyoandikwa "haina magonjwa" si cheti pia. Mzigo ukifika hukaguliwa, na vipando vinaweza kupelekwa kwanza kwenye kituo cha karantini cha Muguga. Udongo usiwepo hata chembe: udongo una masharti yake peke yake.

Mzigo usio na kibali huharibiwa au kurudishwa kwa gharama ya mwagizaji, na mwenyewe anaweza kushtakiwa. Kibali hakitolewi baada ya mzigo kukamatwa, hata ukija na barua ya kuomba radhi. Ukiwa tayari umefika uwanja wa ndege na tunguu kwenye begi, litangaze mwenyewe. Utalipoteza, lakini kutangaza si sawa na kukutwa umelificha. Na kwa wanaoogopa polisi: hopsi ni ya familia moja na bangi, lakini sheria ya dawa za kulevya haiihusu.

Tuseme umelipata kihalali. Tatizo kubwa la hapa kwetu halitakuwa udongo, litakuwa urefu wa mchana. Katika maeneo yake, Hallertau kule Ujerumani, Kent kule Uingereza au bonde la Yakima kule Marekani, mchana wa kiangazi hufikia takriban saa 16, na hopsi hutumia wakati huo kuparamia. Mchana ukianza kufupika ndipo hutoa maua. Karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, hivyo mmea hudhani msimu umekwisha, hutoa maua ukiwa mfupi, na koni huwa chache. Mbolea haitibu jambo hili. Linalosaidia ni taa: iwashwe kuanzia magharibi hadi saa tano usiku, kila siku, mpaka shina lifike juu ya kamba, kisha izimwe. Itumike taa inayostahimili mvua, tafadhali.

Kabla ya kupanda, litunze tunguu kwenye friji ndani ya maranda ya mbao yenye unyevu kidogo. Likate ulione: ndani liwe jeupe na gumu. La kahawia au lenye ulaini lichomwe. Kipande cha sentimita 10 hadi 15 chenye angalau macho mawili kinatosha. Chimba shimo la sentimita 30, changanya udongo na samadi iliyooza, kilaze macho yakitazama juu, kisha kifunike kwa udongo wa sentimita 5. Acha mita moja kati ya mimea. Usiloweshe kupita kiasi kabla ya kuchipua, maana hapo ndipo matunguu mengi huoza.

Kamba iwe ya makumbi au katani, urefu wa mita 5. Shina hushika kwa vinywele vidogo na huteleza kwenye nailoni. Chagua machipukizi mawili au matatu kwa kila kamba, mengine yang'oe. Yazungushe kufuata mishale ya saa ukitazama kutoka juu. Kuwa kusini mwa ikweta hakugeuzi mwelekeo, ingawa tunaulizwa hilo pia. Shina likipita mita 2, ondoa majani ya sentimita 60 za chini ili hewa ipite. Usipande karibu na nyanya, kwani utitiri mwekundu hula zote mbili.

Ukiona chipukizi fupi, lililopauka, majani yamejikunja na chini yake kuna vumbi la kijivu, huo ni ubwiri vinyoya. Kata, choma, usitupe kwenye mboji, na utoe taarifa.

Mwaka wa kwanza usitarajie mengi. Koni huwa tayari zikikwaruza kama karatasi na kuacha unga wa njano wenye harufu kali. Zikaushe chini ya nyuzi 60 mpaka kikonyo cha ndani kikivunjwa kilie. Mabaki yake, hasa yaliyochemshwa, yasiachwe mbwa anapofika: hopsi humpandisha mbwa joto la mwili kiasi cha kumuua.