Nilifeli inspeksheni kwa jikoni yangu mwenyewe

Mi ni afisa wa afya ya umma. Kazi yangu hapa Kisumu ni kuingia jikoni za watu wa hoteli, naangalia sinki, naangalia ubao wa kukatia nyama, naitisha vyeti vya afya vya wapishi (vile vya kupimwa upya kila miezi 6), na nikipata nzi wametulia kama wageni wa harusi naandika notisi. Sasa, dada wa kazi alienda kwao Pasaka akasema anarudi Jumatatu, hakusema Jumatatu gani. Nikachukua liivu nikabaki kwa nyumba na huyu kijana wangu wa miezi 14, na wiki ya kwanza haijaisha nikasimama mlangoni mwa jikoni yangu nikajiambia, mama, hii hoteli ungeifunga.

Shida ilikuwa nataka kusafisha kila kitu. Unaosha vyombo, kijana anamwaga uji. Unapiga deki ya uji, amefungua kabati ametoa sufuria zote na moja ameivaa. Unarudisha sufuria, maji ya mfereji yamepotea na mtungi umebaki nusu. Jioni jikoni iko vilevile na mgongo umekufa. Ndo nikaamua kufanya kwangu vile hufanya kazini, kugawa uchafu mara mbili: kuna uchafu wa aibu na kuna uchafu wa ugonjwa. Masizi kwa sufuria, mafuta yaliyorukia ukuta nyuma ya meko, kabati limevurugika, hiyo ni aibu tu, mgeni akikuja utasema pole. Uchafu wa ugonjwa ni ule ambao una njia ya kufika mdomoni, na kwa mtoto anayetambaa hiyo njia ni fupi sana, sakafu, mkono, mdomo, amemaliza. Huo ndo unakula nguvu zangu sa hii. Ule mwingine unangoja.

Na unajua kitu chafu kabisa kwa jikoni nyingi ni gani? Si choo cha jirani, si mende. Ni kitambaa.

Hebu niwaambie nilichofanya mimi mwenyewe, mimi ambaye nafundisha watu. Nilikuwa nimetoka soko la Kibuye na samaki wawili, ngege, wameparuliwa huko huko lakini nikawakata nyumbani, maji ya samaki yakatiririka kwa meza, nikavuta kitambaa kilichokaa pale kando ya sinki nikapangusa, nikakisuuza na maji baridi, nikakikamua, nikakirudisha. Dakika tano baadaye kijana amejipaka avokado mpaka kwa masikio, mkono wangu ukaenda wenyewe, nikachukua kile kitambaa nikampangusa mdomo. Nilikuwa nimemaliza ndo nikaona mkono umefanya nini. Siku mbili baadaye akahara. Siwezi kuapa ni kitambaa, maana huyu pia hulamba viatu, lakini nilijua ningemwambia nini mwenye hoteli. (Mtoto akihara mpe maji ya ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) yaliyochanganywa vile pakiti imeandika, uendelee kumnyonyesha na kumlisha, na uombe zinki klinikini, huwa wanampa siku 10 hadi 14. Akilegea, akikataa kunywa au ukiona damu, hapo usikae nyumbani.)

Kitambaa kina unyevu, kina mabaki ya chakula, na joto la Kisumu mnalijua. Hiyo ni hoteli ya bakteria, wakipata hali nzuri wengine huongezeka mara mbili kila kama dakika 20, kwa hivyo kitambaa cha asubuhi si kile cha saa kumi jioni ata kama unaona kimekaa sawa. Kukisuuza kwa maji baridi ni kukinywesha tu. Nilichofanya nikachana shuka la zamani nikapata vipande, cha samaki na nyama mbichi hakigusi kitu kingine, cha uso wa mtoto kinakaa chumba kingine kabisa, na kila jioni vyote vinaingia kwa sufuria moja iliyozeeka na sabuni, vinachemka, asubuhi vinaanikwa juani mpaka vikauke kabisa.

Klorini nayo watu huitumia kama maji ya baraka, wananyunyiza juu ya uchafu wakisubiri muujiza. Haifanyi hivo. Uchafu na mafuta huimaliza nguvu, so kwanza sabuni, suuza, halafu klorini. Hii ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji baridi kinatosha kwa ubao na meza, ikae dakika mbili ikauke yenyewe. Usitie maji moto, inapoteza kazi. Na kamwe usichanganye na siki au dawa ya kuosha choo, inatoa hewa mbaya ya kufunga kifua, na mtoto yuko pale chini anavuta.

Chakula sitasema mengi. Kilichopikwa kisizidi masaa mawili mezani, ukikipasha kitoke moshi kabisa si vuguvugu. Wali ndo uchunge zaidi, kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka, ukiuacha kwa sufuria usiku kucha unaamka na shida. Na uji ulioguswa na kijiko kilichotoka mdomoni usiuwekee saa kumi, najua wimbi ni bei, basi mpakulie kidogo kidogo.

Mikono baada ya pampas ni sabuni kila mara, hakuna mjadala. Maji yakipotea mi hutumia kibuyu chirizi, ule mtungi wa lita tano umetobolewa na kufungwa kamba ya kukanyaga kwa mguu, tunafundisha vijijini miaka yote na mimi nikajiona mjanja sana kukiweka nyuma ya nyumba ya mjini.

Lakini kama uko na dakika kumi tu leo, acha vyombo, acha sakafu, enda kwa kabati la chini. Mafuta taa yako kwa chupa gani? Kwa watu wengi yako kwa chupa ya soda, na mtoto anaijua chupa ya soda, ameona mkubwa wake akiinywa. Akiyanywa usimtapishe na usimlazimishe maziwa, yakirudi juu yanaingia kwa mapafu na hapo ndo hatari yenyewe iko, kimbia hospitali na hiyo chupa mkononi waone ni nini. Mi nimehamisha mafuta, klorini na dawa ya mende yote juu ya kabati la juu, kila kitu ndani ya chupa yake ya asili. Kabati la chini nikamwachia yeye, liko na vifuniko vya plastiki na mwiko uliovunjika, na hapo hujishughulisha kama robo saa, hiyo robo saa ndo huwa naosha ubao.

Vyombo jana vililala. Havikuwa na chakula, nilikuwa nimekwangua na kuloweka na sabuni ili mende wasipate karamu, lakini vililala na mimi nikalala. Asubuhi nikaanika vile vitambaa vyangu, jirani akavihesabu kutoka upande wa pili wa ua, vyeupe, vya mraba, sita. "Mama Baraka," akaniita kwa sauti ya chini, "kwani umeongeza mwingine na hukutuambia?"