Kapinga ana kosa gani?

Wiki hii tena. Mteja mwenye jukwaa la kuuzia viazi na maparachichi hapa Mbeya ananiambia suala la majina ya akaunti ameshalimaliza: kapakua orodha ya majina yasiyoruhusiwa, kaongeza matusi ya Kiswahili, kisha kijana wake wa programu kaweka sharti kwamba jina lenye neno lolote la humo likataliwe. Kazi kwisha.

Haya. Orodhani kuna "api", maana jina la akaunti huwa anwani ya ukurasa wake, na anwani ya "api" inatumiwa na mfumo wenyewe. Anakuja Kapinga kujisajili, anakataliwa. Mapinduzi naye, nje. Halafu lipo tusi moja la herufi nne, sitaliandika, limekaa mwishoni mwa "Msukuma". Nenda Mbarali au Chunya ukawaeleze Wasukuma wa huko kwamba kabila lao ni tusi.

Majina ya mfumo, kama "api", hulinganishwa mazima, si vipande. Matusi unaweza kuyatafuta vipande, ila uwe na orodha ya majina halali pembeni na binadamu wa kukagua.

Kabla ya kulinganisha, sawazisha: herufi ndogo zote, ondoa nukta na mistari ya chini, "M.saada_" iwe "msaada". Alfabeti zingine zifungie kama huna sababu ya kuziruhusu. "A" ya Kirusi inafanana kabisa na yetu machoni, kwa kompyuta ni herufi nyingine. Mwaka 2013 Spotify, wale wa muziki mtandaoni, walikuta kuna majina ambayo ukiyasawazisha mara mbili yanatoa jibu tofauti na mara moja, na kwa upenyo huo mtu aliweza kuteka akaunti ya mwenzake.

Kinachonikera hasa ni kwamba orodha hizi za kupakua ni za Kiingereza tupu. Ndiyo, ukigawa barua pepe lazima ufungie "postmaster" na "hostmaster", majina yanayochukuliwa kuwa ya wasimamizi wa mfumo: mwaka 2015 raia mmoja wa Finland alijipatia hostmaster@live.fi, akaonekana msimamizi, akapewa cheti cha usalama cha live.fi, anwani ya mtandao ya Microsoft. Lakini mama wa Uyole hatatapeliwa na "hostmaster". Atatapeliwa na "malipo", "msaada", "uhakiki", "hudumakwawateja". "Habari mama, tuma 5,000 ya uhakiki tangazo lako lisifutwe." Jina la juu linasomeka "malipo", picha ni nembo ya jukwaa. Wewe usingetuma?

Kuna mengine sina jibu. "mbeya" na "tukuyu" apewe nani, halmashauri au aliyewahi? Nimeyafungia, hadi lini sijui. Majina ya akaunti zilizofutwa nayo siyarudishi sokoni. Yahoo walifanya hivyo 2013, barua za wenye zamani zikawafikia wenye wapya. Mteja analalamika kwamba majina mazuri yataisha. Ana hoja, kidogo.

Na orodha huzuia wanaoingia tu, aliyekwisha kuingia haimgusi. Kagua majina yaliyopo siku hiyohiyo. Kwa huyu mteja tumekuta "malipo" ana mtu tayari, muuza mbegu za viazi, hajamdai yeyote kitu. Mteja anataka afutwe. Mimi nimesema ataarifiwe, apewe siku za kuchagua jina jingine, matangazo yake na sifa alizopewa na wanunuzi vibaki. Bado tunabishana.