Kwa nini muhuri hupotea karatasi ikiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe?

Ukiingia saiba yoyote katikati ya Nairobi, tuseme mojawapo ya zile zilizobanana ghorofani kando ya Moi Avenue, utaulizwa hivi kabla karatasi haijawekwa kwenye mashine: "Rangi ama nyeusi na nyeupe?" Wengi wetu hujibu upesi kwamba nyeusi na nyeupe, kwa sababu barua yenyewe imechapwa kwa wino mweusi na tumezoea kwamba rangi ni ghali.

Juzi nilikuwa kwenye foleni nyuma ya mama mmoja aliyeshika barua ya chifu. Muhuri wake wa zambarau ulikuwa umekolea upande mmoja na kufifia upande wa pili, kama inavyokuwa wino unapoanza kukauka. Faili ilipofunguka kwenye skrini, maneno yote yalikuwepo lakini duara la muhuri lilikuwa nusu. "Mama, hebu turudie," kijana wa saiba akasema. Alibadilisha kitu kimoja tu, akachagua kijivu. Duara likarudi zima, na tarehe ya katikati ikasomeka.

Skana haijui herufi wala muhuri. Inaugawa ukurasa kuwa nukta ndogo, pikseli, na kupima kila moja inarudisha mwanga kiasi gani. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa kila inchi una pikseli 2,480 kwa 3,508, karibu milioni 8.7. Ukichagua kijivu, kila pikseli hupewa namba kuanzia 0, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 255, ambayo ni nyeupe kabisa. Ukichagua nyeusi na nyeupe, namba hizo zote hutupwa. Mashine huweka kizingiti mahali fulani katikati: pikseli iliyo chini yake inakuwa nyeusi tii, iliyo juu yake inakuwa nyeupe pe. Hakuna katikati. Zambarau iliyofifia ikiangukia juu ya kizingiti, imekwenda.

Ndivyo zinavyopotea pia alama za penseli, nakala za kaboni na risiti zilizochujuka. Kinyume chake hutokea vilevile: kivuli cha mkunjo wa karatasi hugeuka mstari mweusi, na picha ya kwenye kitambulisho hubaki doa lisilo na macho.

Kijivu kina faida nyingine ambayo watu hawaioni hadi wakuze herufi kwenye skrini. Ukingo wa herufi "o" hupita katikati ya pikseli nyingi, nusu wino, nusu karatasi. Kijivu husema "nusu", kwa hiyo mviringo unabaki laini. Nyeusi na nyeupe hulazimika kuamua, na ukingo unatoka na ngazi ngazi. Ndiyo maana mtindo huo unahitaji nukta 300 au hata 600 kwa inchi ili herufi ndogo zisomeke vizuri.

Lakini nisiuonee. Kwa maandishi safi yaliyochapwa, yasiyo na muhuri wala picha, naupendelea, kwa sababu ya uzito wa faili. Kabla ya kubanwa, yaani kupunguzwa ukubwa wa faili, ukurasa ule wa A4 una takriban megabaiti 1.1 kwa nyeusi na nyeupe, 8.7 kwa kijivu, na 26 kwa rangi, maana rangi hupima nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Na nyeusi na nyeupe hubanika sana. Mkataba wa kurasa 40 ukitumwa kwa bando ya simu, tofauti hiyo utaihisi.

Kubana nako kuna hatari zake. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za kuskani za kampuni ya Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu, 6 ikawa 8, kwa sababu mbinu ya kubana iliona maumbo mawili yanafanana na kutumia moja mahali pa jingine. Kwa hesabu za fedha au vipimo vya shamba, linganisha tarakimu na karatasi yenyewe kabla hujatuma.

Rangi kamili niiache kwa karatasi ambayo rangi yenyewe inasema kitu: sahihi ya buluu inayoonyesha kuwa hii ni karatasi halisi wala si fotokopi; ramani; au mistari uliyopaka kwa kalamu ya manjano. Manjano hiyo ni angavu mno. Hata kwenye kijivu hukaribia weupe wa karatasi.

Usipojua karatasi itatakiwa kwa nini baadaye, sema kijivu. Faili ya kijivu unaweza kuigeuza nyeusi na nyeupe siku yoyote, ukichagua kizingiti mwenyewe. Ya nyeusi na nyeupe haigeuziki kurudi kijivu. Mama yule ilimbidi atoe barua tena kwenye bahasha.