Kukijenga Old Warden ndani ya simyuleta: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Old Warden ni kijiji cha Bedfordshire, Uingereza, kaskazini mwa London. Pembeni yake kuna kiwanja kidogo cha nyasi, na ndani ya mabanda yake zimo ndege ambazo kwingineko utazikuta zimening'inizwa kwenye dari za makumbusho. Hapa bado zinaruka. Aliyeanza kuzikusanya ni Richard Shuttleworth, kijana wa familia yenye mali, mpenda magari ya mashindano na ndege. Alifariki Agosti 1940 akiwa mwanajeshi wa anga, na mwaka 1944 mama yake, Dorothy, akaunda taasisi ya kumkumbuka. Wageni wakaanza kufunguliwa mlango mwaka 1963.

Mtu akitaka kukijenga kiwanja hiki upya kwenye simyuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege kama Microsoft Flight Simulator au X-Plane, huanza na dhana kadhaa zinazosikika vizuri mpaka uzipime.

"Nyasi ni kazi nyepesi, unapaka kijani tu"

Nyepesi ni lami. Mstatili, rangi moja, mistari myeupe, taa pembeni, umemaliza. Nyasi zina miteremko, vishimo, mahali palipofyekwa jana na mahali pasipofyekwa, na michirizi ya magurudumu inayoonekana tu jua likiwa chini.

Tena nyasi si suala la macho peke yake. Katika WorldEditor, programu ya kujengea viwanja vya X-Plane, kila njia ya kurukia hupewa aina ya uso kwa namba: 1 ni lami, 2 ni zege, 3 ni nyasi. Ukiiacha 1 na kuifunika kwa picha ya nyasi, macho yako yataona majani lakini magurudumu yatahisi lami. Kwa ndege ya kisasa huenda hilo lisikusumbue. Jaribu sasa kutua na Sopwith Pup ya 1916, ndege ya kivita ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndege hiyo haina breki. Chini ya mkia wake hakuna gurudumu, kuna gongo linaloburuzwa ardhini, na kule kukwaruza nyasi ndiko kunakoisimamisha. Kwenye lami itateleza na kuyumba, nawe utalaumu aliyeunda ndege ilhali kosa liko kwenye kiwanja.

Hata hiyo "njia ya kurukia" ni mazoea ya baadaye. Viwanja vya mwanzo vilikuwa uwanja mpana tu: rubani anatazama upepo unatoka wapi, anaugeukia, anaondoka. Leo Old Warden ina njia kuu yenye mwelekeo wake, inayolala takriban kaskazini kwenda kusini ikiegemea mashariki kidogo, lakini ndege za zamani hazijabadilika. Upepo wa ubavuni hazitaki. Kwa hiyo mfuko wa kuonyesha upepo usiufanye pambo la kumalizia kazi. Uweke mapema, mahali ambapo rubani atauona akiwa chini na akiwa angani.

"Ni kiwanja cha Vita vya Kwanza kilichohifadhiwa"

Sivyo, na dhana hii huharibu kazi nyingi nzuri. Old Warden kilikuwa kiwanja binafsi cha Shuttleworth kwenye ardhi ya familia, na habari zake ni za miaka ya 1930. Anayetaka kiwanja cha kweli cha vita ile, chenye majengo yake ya asili, aende Stow Maries kule Essex, kilichoanza kutumika mwaka 1916.

Kabla hujachora banda la kwanza, basi, amua unajenga mwaka gani. Ukichagua 1935, mwaka ambao Shuttleworth alipata ndege zake za Blériot na Deperdussin, futa maegesho ya wageni, mgahawa na mabanda yaliyoongezwa baadaye. Spitfire, ndege ya kivita, pia iondoe, kwa kuwa ilikuwa bado haijaruka. Ukichagua kiwanja cha leo, mambo yanageuka: Blériot ya 1909, Pup ya 1916 na ndege za kivita za miaka ya 1940 kukaa bega kwa bega ndio ukweli wenyewe wa mahali hapa. Mchanganyiko ambao kwenye kiwanja cha 1917 ungekuwa kichekesho, Old Warden ya leo ni sahihi kabisa.

"Picha ya setilaiti imeshamaliza kazi"

Imeianza tu. Microsoft Flight Simulator iliyotoka 2020 huchota picha za ardhi kutoka Bing Maps, ramani za mtandaoni za Microsoft, na kwa mandhari ya mbali zinapendeza sana. Ukishuka chini hadithi inabadilika. Picha ni ya siku moja, saa moja. Vivuli vya miti vimegandia ardhini, hivyo jua la simyuleta likizama magharibi utaona vivuli viwili, cha kweli na cha picha, kila kimoja na upande wake. Magari yaliyokuwa yameegeshwa siku hiyo yamebaki kama mabaka bapa. Nayo majengo yanayokisiwa na programu yanaweza kuligeuza banda la ndege kuwa nyumba ya kupanga.

Kwa maumbo ya ardhi kuna njia bora. Environment Agency ya Uingereza imetoa wazi vipimo vya laida, yaani urefu wa ardhi uliopimwa kwa miale kutoka kwenye ndege, na humo hata mteremko mdogo unaonekana. Nyua za miti, mageti na rangi za milango utazipata kwenye picha zilizopigwa na watu waliosimama chini. Hapo ndipo kazi inapokula muda, na sioni njia ya mkato.

"Ndege zote zipangwe nje ndiyo kipendeze"

Kitapendeza, na kitadanganya. Ndege hizi ni mbao, waya na kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza. Mvua na jua ni maadui zake. Hukaa bandani na kutolewa siku ya maonyesho, na hata siku hiyo si zote hupata ruhusa. Blériot XI, mojawapo ya ndege kongwe zaidi duniani ambazo bado zinaruka, hungoja upepo ulale, mara nyingi jioni, kisha huinuka kidogo juu ya nyasi na kushuka mbele kwenye mstari uleule. Ndiyo safari yake yote. Umati uliokuja kutazama unangoja pamoja nayo, na sijui kiwanja kingine ambako saa ya jioni ina thamani hiyo.

Jambo hili linajengeka. X-Plane huruhusu modeli ionekane au ifichike kufuatana na hali ya simyuleta, kasi ya upepo ikiwemo. Unaweza kuifunga Blériot iliyo nje kwenye sharti hilo: upepo ukizidi kiasi ulichoweka, nyasi zibaki tupu na mlango wa banda uwe umefungwa. Ujanja mdogo kama huo unanipendeza kuliko msururu wa ndege ishirini zilizosimama mvuani.

Sauti nayo ina makosa yake. Injini ya Le Rhône ya Pup si injini ya kawaida: mhimili wake umefungwa kwenye mwili wa ndege, halafu silinda zote zinazunguka pamoja na rafadha, yaani pangaboi la mbele. Rubani anayekuja kutua hukatakata cheche kwa kitufe, hivyo unachosikia ni ngurumo, kimya, ngurumo, kimya. Mafuta yake ni ya nyonyo, nayo hayarudi kwenye tangi. Hutupwa nje na moshi. Anayeweka sauti moja inayonguruma mfululizo ameweka pikipiki.

"Kazi inaishia kwenye uzio"

Rubani hakitafuti kiwanja cha nyasi kwa kutazama nyasi, maana Bedfordshire yote ni kijani. Anatafuta alama kubwa, na iliyo kubwa kuliko zote ni mabanda mawili ya meli za anga kule Cardington, kilomita saba hivi upande wa magharibi. Humo ndimo iliundwa R101, meli ya anga iliyoanguka Ufaransa Oktoba 1930. Ukiyaacha kama vighala vilivyokisiwa na programu, umemnyang'anya rubani dira yake.

Upande wa watazamaji nao una umbo lake: mstari wa maonyesho umepinda, hivyo ndege hupita ikiwa imeinama na kuonyesha mgongo wa mabawa. Wajenzi wengi huunyoosha uzio kwa sababu mstari mnyoofu ni rahisi kuchora, na hapo hapo sababu ya marubani kupita walivyopita inapotea.

"Historia hiyo ni ya Waingereza, Afrika Mashariki haimo"

Imo, na imeandikwa ubavuni mwa ndege. Kati ya ndege za Old Warden kuna de Havilland DH.51 ya mwaka 1924, viti vitatu, inayoitwa Miss Kenya. Aina hiyo ziliundwa tatu tu. Hii mwaka 1925 ilipakiwa melini kwenda Mombasa kwa ajili ya John Carberry, mlowezi aliyezaliwa katika familia ya kilodi. Ndiyo ndege ya kwanza kuandikwa kwenye daftari la usajili la Kenya. Mwaka 1928 ilinunuliwa na watu watatu, mmoja wao Tom Campbell Black. Ilirudishwa Uingereza mwaka 1965, ikatengenezwa, na mwaka 1973 ikaruka tena.

Campbell Black huyo ndiye aliyekuwa rubani na meneja wa Wilson Airways, kampuni ya Nairobi iliyoanzishwa 1929 na Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake limebaki kwenye Uwanja wa Wilson. Oktoba 1934 yeye na C.W.A. Scott walishinda mbio za ndege kutoka Mildenhall, Uingereza, hadi Melbourne, Australia, kwa saa 71 hivi, wakiwa na ndege nyekundu ya de Havilland Comet iitwayo Grosvenor House. Comet hiyo nayo iko Old Warden leo. Ndege mbili, rubani mmoja, na Nairobi katikati.

Kwa mjenzi, hili lina matokeo ya moja kwa moja. Miss Kenya ya Old Warden hubeba herufi za usajili G-EBIR. Ilipokuwa Kenya miaka ya 1930 ilibeba VP-KAA. Zile herufi zinazoanza na 5Y tunazoziona Wilson leo ni za baada ya uhuru, kwa hiyo usiziweke kwenye Nairobi ya wakoloni. Na ukiihamisha ndege hiyo kutoka Old Warden, mita 30 na kitu tu juu ya usawa wa bahari, hadi Wilson, karibu mita 1,700, mpe rubani nyasi nyingi zaidi: hewa ni nyepesi, na injini ya nguvu farasi 120 itachukua muda kuinuka.

"Inahitaji pesa nyingi, na picha za mtandaoni ni za wote"

Pesa si kikwazo cha kwanza. WorldEditor ni bure, Blender, programu ya kuchonga modeli, ni bure, na zana za ujenzi za Microsoft Flight Simulator huja na mchezo wenyewe. Picha ndizo zenye mwenyewe. OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, unaweza kuitumia kwa kutaja chanzo na kufuata leseni yake. Picha ya ukuta uliyoiona kwenye albamu ya mtu, muombe. Na ukitaka kuweka kiwanja chako kwenye hazina rasmi ya X-Plane, inayopokea kazi za watumiaji, fahamu kwamba haipokei modeli ulizochonga mwenyewe, bali vitu vilivyomo kwenye maktaba ya mchezo pekee. Mabanda yako ya Old Warden utayagawa kama kifurushi cha pembeni.