Je, wajua Susi Susanti alitwaaje dhahabu ya Olimpiki bila kutegemea mapigo ya nguvu?

Tarehe 4 Agosti 1992, mjini Barcelona, Susi Susanti wa Indonesia alipoteza seti ya kwanza ya fainali ya badminton kwa 5-11. Bang Soo-hyun wa Korea Kusini alikuwa mrefu kuliko yeye na alikuwa akishambulia bila kupumzika. Seti ya pili Susi akaichukua 11-5, na ya tatu 11-3. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Indonesia, nchi ambayo hadi hapo ilikuwa na medali moja tu, ile fedha ya timu ya wanawake wa upinde na mshale kutoka Seoul 1988. Siku hiyohiyo Alan Budikusuma, ambaye baadaye alimuoa Susi, akashinda dhahabu ya wanaume.

Sasa, aliwezaje kugeuza mambo vile?

Tuanze na kinyoya chenyewe, kile kinachopigwa kwa raketi badala ya mpira. Ni manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kizibo, na kwa jumla hakizidi gramu 5.5. Manyoya hayo hushika hewa. Hata kikitoka kwenye raketi kwa kasi ya kutisha, sehemu kubwa ya kasi hiyo huwa imepotea kabla hakijamfikia mpinzani. Kwa hiyo mwenye jicho la kusoma bega la mpigaji, na miguu ya kuwahi, anaweza kukirudisha.

Na miguu ndiyo iliyokuwa hazina ya Susi. Kinyoya kilipoelekea pembeni mbali na mwili wake, alipiga msamba kabisa, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, akakipiga karibu na sakafu, kisha akainuka na kurudi katikati ya uwanja kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliyekwisha kuona picha zake hawezi kuzisahau. Mwili ule haukuja hivihivi: Susi, mzaliwa wa Tasikmalaya, Java Magharibi, mwaka 1971, aliondoka kwao akiwa bado binti mdogo kwenda Jakarta kufanya mazoezi katika klabu ya Jaya Raya.

Jambo jingine ni kanuni ya pointi, na mimi naona hapa ndipo penye jibu kubwa. Wakati ule pointi ilikwenda tu kwa aliyeanzisha, yaani aliyepiga pigo la kwanza. Ukimshinda mwenzako wakati yeye ndiye aliyeanzisha, ulipata zamu ya kuanzisha, basi, ubao haukusogea. Seti ya wanawake ilikuwa ya pointi 11, lakini kuzifikia kungeweza kuchukua muda mrefu mno. Mshambuliaji aliruka, akapiga, akaruka tena, na kinyoya kikarudi. Mapafu yake yakaanza kumdai. Susi alikirusha juu hadi mstari wa nyuma, kona hii, kisha kona ile, na mpinzani alipokuwa bado anarudi nyuma, alikidondosha taratibu nyuma tu ya wavu. Huko si kujihami kwa woga. Ni kushambulia pumzi ya mtu.

Kwa mtindo huo alitwaa ubingwa wa All England, mashindano makubwa ya badminton ya huko Uingereza, mwaka 1990, 1991, 1993 na 1994, na ubingwa wa dunia mwaka 1993 huko Birmingham, hata akawa anashikilia mataji hayo mawili na dhahabu ya Olimpiki kwa wakati mmoja.

Barcelona alilia jukwaani bendera nyekundu na nyeupe ikipanda. Machozi hayo yana uzito wake. Susi ni wa jamii ya Waindonesia wenye asili ya China, ambao enzi za Rais Suharto walidaiwa hati ya ziada kuthibitisha kwamba ni raia. Miaka mingi baadaye, Agosti 2018, yeye ndiye aliyepewa heshima ya kuwasha mwenge wa Michezo ya Asia mjini Jakarta.

Bang alilipiza katika Olimpiki ya Atlanta 1996: alimtoa Susi katika nusu fainali, akachukua dhahabu, na Susi akarudi na shaba. Mwaka 2006 kanuni ilibadilika, kila mpambano ukawa na pointi, awe nani aliyeanzisha, na seti ikawa ya pointi 21. Mpaka michezo ya Paris 2024, ambako Gregoria Mariska Tunjung wa Indonesia alipata shaba ya badminton, hakuna mwanamke mwingine wa Indonesia aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki akicheza peke yake uwanjani.