Hakuna risasi ya "mguu tu"

Tangu Julai 2025 kuna maneno matatu nayasikia kila mahali, ndani ya matatu, kwa kinyozi, matangani, na juzi nimeyasikia kwa mjomba wangu ambaye nampenda sana na sijawahi kumuona akimtakia mtu mabaya: "ya mguu tu." Yaani hawa vijana wanaoandamana, wakizidi, si wapigwe ya mguu tu. Haya maneno yalipata nguvu tarehe 9 Julai, siku mbili baada ya maandamano ya Saba Saba, Rais Ruto aliposema mtu anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitali, ndo aende kortini. Kama wiki mbili kabla ya hapo waziri wa usalama wa ndani, Kipchumba Murkomen, alikuwa ashasema anayesogelea kituo cha polisi kwa nia ya kunyakua bunduki apigwe risasi. Wakenya wakagawanyika, mpaka nyumba moja baba yuko huku mtoto yuko kule.

Mi sio mwanasiasa na sio wakili. Mi ni daktari wa upasuaji, na kazi yangu yote iko ndani ya yale maneno mawili ya katikati ambayo watu wanayapita haraka haraka, "apelekwe hospitali". Hapo ndo nakaa. Kwa hivyo naomba nieleze huo mguu ni kitu gani, manake nikiwasikiliza watu naona wanaudhani ni kama mkono wa sofa, ukipigwa unatoboka basi, unashonwa.

Hapo ulipokaa weka vidole viwili kwenye mkunjo wa kinena, katikati kabisa, ubonyeze kidogo. Utasikia kitu kinadunda. Huo ni mshipa mkuu wa damu unaoshuka pajani, upana wake unakaribia wa kidole chako kidogo, na damu yote inayolisha mguu kutoka pale kwenda chini inapita humo. Sasa mtu mzima ana damu kama lita 5 hivi mwili mzima, fikiria ule mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5, ndo wewe mzima huo. Zikishamwagika lita mbili moyo unakuwa kama unasukuma hewa tupu, mtu anakuwa baridi, jasho jembamba, anaongea maneno hayaeleweki, anaomba maji, alafu ananyamaza. Ule mshipa wa pajani ukikatwa, hizo lita mbili zinatoka ndani ya dakika chache. Dakika, sio saa. Na hizo dakika chache mgonjwa wetu anazimalizia chini kwenye lami, kuna moshi wa vitoa machozi, barabara imefungwa, ambulensi haipiti, wenzake wanambeba juu juu kama gunia wakitafuta boda.

Huo ni mshipa tu. Mfupa wa paja wenyewe ukivunjika kwa risasi unaweza kumwaga lita nzima au zaidi ndani kwa ndani, huoni tone sakafuni, unaona paja limevimba basi, ndugu wanakwambia "daktari huyu hajatoka damu sana" na wewe unaona presha inashuka mbele yako. Teremka tena mpaka nyuma ya goti kuna mshipa mwingine, huo ukikatika mtu anaweza kufika akiwa hai anaongea vizuri, ila kama saa sita hivi zikipita kabla hatujaurudisha, mguu wenyewe umekufa na tunaukata. Nimeshawahi kumuamsha kijana baada ya thieta na kumwambia hilo. Alikuwa fundi wa kuweka vigae. Aliniuliza sasa atapiga magoti vipi kazini, na mpaka leo sina jibu lake.

Sasa turudi tarehe 20 Juni 2024. Maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, katikati ya jiji la Nairobi, siku tano kabla ya bunge kuvamiwa. Rex Masai, umri wake miaka 29, alipigwa risasi akafa usiku huo huo, na jina lake likawa la kwanza kwenye yale mabango yote. Wengi wanalikumbuka jina, wachache wanakumbuka alipigwa wapi. Alipigwa pajani. Alikufa kwa kutokwa na damu. Mwaka mzima kabla ya mtu yeyote kusema "mguu tu" tulikuwa tushazika mtu wa mguu tu, kesi ya uchunguzi wa kifo chake ikapelekwa mahakama ya Milimani, na bado tukakaa kwa runinga tukajadili mguu kama vile ni kitu kipya.

Na hapo sijasema kuhusu bunduki. Bastola ni kitu kimoja, bunduki ndefu ni kingine kabisa. Risasi ya AK-47 inatoka na mwendo wa mita 700 na kitu kwa sekunde, karibu mara mbili ya bastola ya kawaida, na ikiingia kwenye nyama haitoboi tundu kama sindano, inasukuma nyama pembeni, inaitawanya, mshipa ambao haukuguswa na chuma chenyewe unapasuka kwa ule msukumo. Nje unaona katundu kadogo kama shilingi. Ukifungua ndani ni uji. Samahani kwa anayesoma akila, lakini ndo ilivyo na siwezi kuisema kwa lugha laini zaidi ya hapo.

Alafu nani amesema itafika mguuni? Mtu anakimbia, mguu wake unakwenda mbele unarudi nyuma, mwembamba, na anayelenga naye ana moyo unaomdunda, ana hofu, amesimama tangu saa kumi na moja asubuhi bila chakula (polisi pia nimewatibu, najua wanavyofika, wengine wamepasuliwa vichwa kwa mawe, nao ni watoto wa watu). Ndo maana sehemu nyingi duniani askari anafunzwa kulenga kifua au asifyatue kabisa. Kuna nchi kama Ujerumani ambako polisi hufunzwa kulenga miguu ikiwezekana, na watu wananitajia hilo sana, lakini hata huko ni hatua ya mwisho dhidi ya mtu mmoja anayekuja na kisu, sio kwa barabara imejaa watu. Kwa umati risasi inayokosa mguu haipotei hewani, inatafuta mtu mwingine. Na inayopita ndani ya nyama inaendelea na safari. Na inayogonga lami inaruka. Machi 2020, wakati wa kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa amesimama kwenye baraza ya ghorofa ya kwao Kiamaiko. Siku ya Saba Saba 2025 msichana wa miaka 12 aliuawa na risasi akiwa ndani ya nyumba yao Ndumberi, Kiambu. Ndani. Ya nyumba. Huyo alikuwa amechoma biashara ya nani?

Najua kuna upande wa pili na sitaupita kama hauko. Mamangu mdogo ana duka la nguo, mtaji wake ni wa chama cha kuchangiana pesa, na ile siku walivunja maduka ya jirani yake wakabeba mpaka mapazia ya kujaribia nguo. Alilia simu nzima. Alisema wapigwe. Siwezi kumwambia mtu aliyepoteza jasho la miaka kumi na tano eti atulie, na wale waliotumwa kupora kwa pikipiki na mijeledi, tuliwaona Juni 17, 2025 mjini mchana kweupe, hao sio waandamanaji na wanajulikana. Nilichomwambia ni hiki: sheria ya kuchoma ipo, na sio laini. Kwa Kenya anayechoma jengo makusudi anaweza kufungwa maisha. Lakini hakuna jaji wa nchi hii, hata yule mkali kuliko wote, mwenye ruhusa ya kumhukumu mtu apigwe risasi ya paja. Sasa kitu ambacho jaji haruhusiwi baada ya kusikiliza ushahidi miezi sita, konstebo atapewaje akiamue kwa sekunde mbili?

Kwenye sheria ya polisi yenyewe, Jedwali la Sita, bunduki inatumika pale tu njia zisizo kali zimeshindwa, na sababu za mwanzo kabisa ni kuokoa maisha. Kuna kipengele kinataja mali, na wanaotetea risasi ya mguu wanakikimbilia hicho, ila nacho kinasema nguvu ziwe za haki. Wanachosahau kusoma ni mistari mingine ya jedwali hilo hilo: kwamba polisi akimjeruhi mtu anatakiwa ahakikishe anapata matibabu palepale na jamaa zake wajulishwe, kwamba kifo au jeraha baya liripotiwe IPOA, ile mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, kwamba askari mwenye sare avae jina au namba inayoonekana, na kwamba "niliamrishwa na mkubwa" sio kinga. Kwa miaka yangu yote kwa kitengo cha dharura majeruhi wa maandamano wananiletea wenzao, makanga, watu wa msikitini, mama wa mboga mmoja alikuja ameshika kitambaa kimelowa chapachapa. Aliyefyatua sijamuona hata siku moja akimsindikiza aliyempiga. Sisemi haijawahi kutokea kokote, nasema mlangoni kwangu haijatokea.

Kitu kingine kinachobishaniwa sana ni idadi ya waliokufa kwenye maandamano. Mwisho wa Juni 2024 Rais alisema waliokufa ni 19, kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikasema ni 39, na watu wakaanza kurushiana maneno nani muongo. Wacha niwaeleze vile inavyokuwa kutoka upande wetu. Mtu analetwa hana kitambulisho, anaandikwa "mwanamume asiyejulikana". Mwengine anakimbizwa zahanati ndogo ya mtaa, anafia pale, familia inaogopa, inazika haraka. Mwengine anakufa baadaye. Yule kijana aliyekuwa anauza barakoa mjini, aliyepigwa risasi ya kichwa kwa karibu mbele ya kamera kwenye maandamano ya kudai haki kwa kifo cha Albert Ojwang, aliyefia mikononi mwa polisi, alipigwa Juni 17, 2025 na kutangazwa amefariki Juni 30. Siku 13. Kwenye ripoti ya Juni 18 yeye ni majeruhi, na kama hakuna anayefuatilia kitanda kwa kitanda atabaki majeruhi mpaka mwisho wa dunia. Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha ofisi huru ya kuchunguza vifo kama hivi mwaka wa 2017, na mpaka wauza barakoa wanapigwa risasi ilikuwa bado iko kwa karatasi. Hilo linaniuma kuliko kelele zote za runinga, kwa sababu ile ofisi ingekuwepo tusingekuwa tunabishana hesabu ya maiti kama tunabishana matokeo ya mpira.

Sasa ya kufanya, fupi fupi, manake mnaniuliza sana. Mtu akipigwa pajani damu inaruka, usimpe maji, usimkalishe, usianze kuitafuta risasi. Bonyeza palepale inapotoka, kwa uzito wako wote, piga goti juu ya kitambaa kama mikono imechoka, na usifungue fungue kuangalia. Kama kidonda kiko katikati ya paja au chini yake, mfunge kwa kitambaa kipana juu ya kidonda, kati yake na kinena, upitishe kijiti, uzungushe mpaka damu isimame, itamuuma sana na atakutukana, mwache akutukane. Andika saa uliyofunga kwenye paji la uso wake kwa kalamu, sisi tukimpokea ndo kitu cha kwanza tunatafuta. Kikiwa juu kabisa kwenye kinena hapafungiki, hapo ni kusindilia kitambaa ndani ya kidonda na kubonyeza bila kuachia mpaka mlango wa hospitali, hata kama ni nusu saa.

Na nguo. Hii hakuna anayewaambia watu kwa hivyo naisema mimi. Tundu la risasi kwenye kitambaa linaongea, masizi na chembe za baruti zinazobaki pale zinaweza kuonyesha kama bunduki ilikuwa karibu au mbali, na wakati mwingine ndo ushahidi pekee wa kusema mtu alipigwa hatua mbili au hatua hamsini. Sisi tukikata suruali tunatakiwa tupitishe mkasi mbali na tundu. Nyumbani msiifue, ianikwe ndani ikauke, iwekwe kwa mfuko wa karatasi sio wa plastiki, mfuko uandikwe tarehe na jina la aliyeushika, na mkienda kuchukua fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, au kuandikisha ripoti IPOA muulize nani anaupokea na asaini.

Mwaka jana mama mmoja alinifuata kliniki na suruali ya mwanawe ndani ya leso. Mwanawe tulimpoteza mezani, paja la kulia, na hospitali wakamkabidhi nguo zake kwa mfuko bila kumwambia chochote, na sisi ndo tulipaswa kumwambia. Alikuwa ameambiwa na wakili atafute kila kitu mtoto alichovaa siku ile. Akaifungua leso mezani kwangu pole pole. Alikuwa ameifua mara mbili damu mpaka ikatoka yote, akaziba lile tundu kwa uzi wa rangi ile ile, akaipiga pasi.